Shule "imefuta ziro": namba za matokeo ya sekondari zinasema nini hasa?

Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, makundi ya WhatsApp ya wazazi hugeuka bunge. Mmoja anarusha picha ya bango lililotundikwa kwenye geti la shule ya kata: "Ufaulu asilimia 98, tumefuta ziro." Mwingine anadai shule hiyo ina GPA, yaani wastani wa pointi, ya 3.9, kwa hiyo imeiacha mbali ile ya jirani yenye 2.6. Wa tatu, ambaye binti yake kapata four, yaani divisheni ya nne, ya pointi 32, anauliza kwa uchungu: kama mtoto amefaulu, mbona hachaguliwi kokote?

Majibu yapo, na mengi yamo kwenye karatasi ileile ya matokeo ambayo kila mtu anaisambaza bila kuisoma. Shida ni kwamba vipimo vyetu vinakinzana. Kuna mahali namba ndogo ni sifa na kuna mahali namba kubwa ndiyo sifa. Zaidi ya hapo, karatasi inaonyesha mwisho wa miaka minne bila kusema nani alianza, nani aliishia njiani, na walioingia walikuwa wa namna gani. Hapa nazungumzia zaidi shule za sekondari za serikali Tanzania, maana ndiko waliko watoto wengi na ndiko mabango yanakozua ubishi.

Kutoka alama hadi divisheni

Tuanzie chini kabisa. Kidato cha nne, alama 75 hadi 100 katika somo ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na 29 kushuka chini ni F. Kila herufi ina pointi zake: A moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Pointi zikiwa chache, mwanafunzi kafanya vizuri.

Baraza huchukua masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi na kujumlisha pointi. Jumla ya 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri, ile ziro ya mtaani. Ndiyo maana husikika "wani ya saba": A saba, pointi saba, hakuna pa juu zaidi ya hapo.

Hadi hapo hakuna gumu. Ugumu unaanza pale jumla inapoficha vilivyojumlishwa. Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza kapata C katika masomo yote saba, labda kila somo kapata 45 au 46. Pointi zake ni 21, divisheni ya pili. Wa pili kapata A za hesabu, fizikia na kemia, halafu F nne katika yaliyobaki. Pointi zake ni 23, divisheni ya tatu. Kwa divisheni, wa kwanza yuko juu. Kwa anayetafuta mhandisi wa kesho, nadhani hatachukua sekunde mbili kuchagua. Mfano huo umevutwa hadi mwisho, sikatai, lakini kila mwaka wapo wanafunzi wanaoukaribia, na nyumbani wanasemwa vibaya kwa sababu ya three yao.

Sasa shuka kwenye divisheni ya nne, maana huko ndiko mabango yanakopata asilimia zake. Four inaishia pointi 33. Unafikaje 33? F tano ni pointi 25, ukiongeza D mbili za pointi nne nne unapata 33. Au F sita na C moja, 30 na 3. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyeshindwa masomo matano kati ya saba, akapata alama 30 katika mawili, kwa hesabu za nchi amefaulu mtihani. Angepata D moja tu angekuwa na pointi 34, ziro.

Ufaulu, na ubora wa ufaulu

Hapa ndipo penye maneno mawili ambayo yanafanana sana na yanachanganywa kila Januari. Ufaulu ni idadi ya waliopata divisheni ya kwanza hadi ya nne, wote kwa pamoja. Ubora wa ufaulu ni waliopata ya kwanza hadi ya tatu. Baraza lenyewe hutoa takwimu zote mbili linapotangaza matokeo ya nchi. Bango la getini huchagua moja, na utabahatisha ni ipi.

Tuseme kuna shule mbili, kila moja ina watahiniwa 100. Shule ya kwanza: wani 3, two 7, three 14, four 72, ziro 4. Ya pili: wani 12, two 18, three 20, four 35, ziro 15. Shule ya kwanza inatundika bango la ufaulu wa asilimia 96, ya pili inaonekana imelegea na asilimia 85 zake. Ukiuliza ubora wa ufaulu, ya kwanza ina asilimia 24 na ya pili ina 50. Nusu ya wanafunzi wa shule "iliyolegea" wanaweza kufikiriwa kwenda kidato cha tano. Kwenye shule ya bango ni robo tu.

Sisemi kufuta ziro ni ujanja mtupu. Mwalimu anayekesha na watoto ambao hawakujua kusoma vizuri walipoingia, akawavusha kutoka F kwenda D, amefanya kazi. Ila mzazi aelewe kazi hiyo inafanyikaje. Miezi michache kabla ya mtihani shule hupanga kambi ya kitaaluma, wanafunzi hulala shuleni na hukamuliwa maswali ya miaka iliyopita. Kwa anayekaribia ziro, si lazima ajue masomo saba; anahitaji D mbili. Hivyo nguvu huelekezwa kwenye masomo yanayopanda haraka, Kiswahili na Civics kwa mfano, na kumtoa mtoto kwenye alama 26 hadi 31 katika masomo mawili kunawezekana kwa wiki kadhaa za kusukumwa. Kumtoa kwenye C kwenda A katika fizikia kunadai maabara, mwalimu na miaka. Shule ambayo lengo lake kuu ni kufuta ziro itatumia muda wake pembeni ya mstari wa 33, na mwanafunzi wa katikati, yule wa four ya 27 ambaye angeweza kuvuka kwenda three, anaweza kupita bila mtu kumtazama.

Na yule binti wa four ya 32? Tumfanyie hesabu, kwa sababu swali la mama yake ni la haki. Kuingia kidato cha tano katika shule ya serikali, mwanafunzi anatakiwa awe na angalau C tatu au zaidi na pointi zisizozidi 25. Ukijaribu C tatu na D nne utapata 25 kamili, yaani ukingoni kabisa mwa divisheni ya tatu. Four imeshatoka nje. Vyuo vya kati vinavyotoa astashahada kwa kawaida huanzia ufaulu wa masomo manne, D kwenda juu, bila kuhesabu masomo ya dini. Mwenye pointi 32 ana D tatu, au C moja na D moja, au B moja tu. Hakuna namna ya kupata ufaulu wa masomo manne ukiwa na 32. Jumla kubwa kabisa inayoruhusu manne ni 31. Kwa hiyo amefaulu kwenye takwimu za taifa, lakini milango miwili mikuu iko juu ya kimo chake. Iliyobaki ni ufundi stadi wa VETA, au kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kurisiti kama vijana wanavyosema. Shule inayotangaza ufaulu bila kuwaambia wazazi jambo hili haijadanganya, lakini imewaacha gizani.

GPA ya shule inasomwa kinyume na ya chuo

Aliyesema 3.9 imeipita 2.6 hakukosea hesabu. Alitumia macho ya chuo kikuu. Chuoni GPA ikipanda ndiyo sherehe, na kilele ni 5.0. Kwenye karatasi ya Baraza, GPA ya kituo hujengwa juu ya pointi zilezile za A moja na F tano. Kwa hiyo 1.0 ingekuwa shule ya A tupu na 5.0 ingekuwa shule ya F tupu. Shule ya 3.9 ni shule ambayo matokeo yake ya kawaida ni D. Ya 2.6 inaelea kati ya B na C, na kwa shule ya serikali isiyochagua wanafunzi hiyo ni kazi kubwa. Tena angalia: GPA ya 3.9 na ufaulu wa asilimia 98 vinaweza kukaa shule moja bila ugomvi. Ukiona vimekaa pamoja, ujue wengi wamefaulu kwa D.

Mkanganyiko huu una chanzo cha pili. Kuna kipindi kifupi, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014, ambapo divisheni ziliondolewa kabisa, wanafunzi wakapangwa kwa GPA na kupewa majina ya distinction, merit, credit na pass, namba kubwa ikiwa ndiyo nzuri. Matokeo ya 2015, yaliyotangazwa mwaka uliofuata baada ya Profesa Joyce Ndalichako kuwa waziri wa elimu, yakarudi kwenye divisheni. Waliomaliza shule kipindi hicho bado wana vyeti vyenye lugha nyingine, na ukimwomba mmoja wao akusaidie kusoma matokeo ya mdogo wake, usishangae akikupa tafsiri ya kinyume.

Kabla ya hapo kulikuwa na sakata la 2012. Matokeo yalipotoka mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na ziro, nchi ikatikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Mwishowe serikali iliagiza matokeo yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia, na idadi ya ziro ikapungua. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mistari ya kugawa madaraja. Kwa hiyo mtu akikuambia shule fulani ilikuwa hovyo miaka hiyo na sasa imepaa, mwulize kwanza kama analinganisha kwa mistari ileile.

Karatasi yenyewe, ukiiweka mezani

Fungua ukurasa wa shule yoyote kwenye tovuti ya Baraza. Wengi hushuka moja kwa moja kutafuta namba ya mtoto wao, wanaona safu ya AGGT, ambayo ndiyo jumla ya pointi, na DIV, wanafunga. Jedwali la maana zaidi kwa anayepima shule liko mbali na hapo, na ni dogo: idadi ya waliosajiliwa, wasiofanya, waliofanya, waliozuiliwa matokeo, na wasio na alama za upimaji endelevu, hawa wameandikwa NO-CA. Upimaji endelevu ni zile alama zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho. Kukiwa na kundi la NO-CA, kuna kumbukumbu ambazo hazikufika zinakotakiwa, na kisa hicho mara nyingi kinaanzia kwenye ofisi ya shule. Mwanafunzi anaweza kuwa hana kosa.

Kisha nenda kwenye jedwali la masomo. Linaonyesha kila somo lilisajili wangapi, wangapi walifaulu, na GPA ya somo. Hapa shule nyingi za kata zinavuliwa kofia. Utakuta shule ya watahiniwa 120, Biology 120, hesabu 120, halafu fizikia 9. Kwa mtaala ambao umetumika miaka mingi, fizikia na kemia si lazima baada ya kidato cha pili. Mwanafunzi huziacha kwa sababu hazitaki, au kwa sababu mwalimu hakuwapo, au kwa sababu ameshauriwa aziache zisije zikaharibu wastani wa shule. Mkuu wa shule akisimama kwenye kikao na kusema fizikia wamefaulu asilimia 100, swali la kumuuliza ni wangapi walikaa kwenye mtihani huo.

Hesabu ni kisa kingine. Ni somo la lazima, na kwa miaka mingi limekuwa mkiani kitaifa; katika miaka ya karibuni wanaofaulu hawafiki theluthi. Kiswahili kwa kawaida kiko kileleni. Hivyo usikate tamaa na shule kwa sababu tu hesabu iko chini ya Kiswahili, hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali. Linganisha hesabu ya shule hii na hesabu ya shule nyingine inayofanana nayo.

Waliotoka asubuhi walikuwa wangapi?

Asilimia ya ufaulu hukokotolewa kwa waliofanya mtihani. Ni sawa na kuhesabu kuku bandani jioni, ukafurahi kwamba wote wazima, bila kukumbuka asubuhi walitoka wangapi. Tuseme kidato cha kwanza waliripoti 200, na miaka minne baadaye wakafanya mtihani 120. Kati yao 24 wakapata three au zaidi. Bango litasema ubora wa ufaulu ni asilimia 20. Kwa walioanza ni asilimia 12. Wale 80 walikwenda wapi? Wengine walihama na mzazi, hilo ni la kawaida. Wengine ni utoro uliogeuka kuacha shule: kilomita nyingi za kutembea, kazi za msimu, ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni, lakini ruhusa na kurudi ni mambo mawili.

Kuna pia kichujio rasmi: upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Asiyefikia kiwango hurudia darasa. Huu ni utaratibu wa nchi nzima na una hoja zake, ila unaathiri namba, kwa maana wanaofika kidato cha nne wameshachujwa mara moja. Kuna shule huongeza kichujio chao: wastani wa ndani, asiyeufikia anaambiwa ahame, au anashauriwa kwa upole asajiliwe mahali pengine. Lawama hizi hutupiwa zaidi shule binafsi, na nadhani kwa haki, lakini mzazi wa shule ya serikali naye aulize. Idadi ya kidato cha kwanza na cha nne ya kundi lilelile haihitaji mtaalamu, iko kwenye rejista.

Swali la nani alitoka lina pacha wake, nani aliingia. Shule za serikali si za aina moja. Kuna shule za vipaji maalum, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na mbili za Tabora, zinazopokea watoto waliong'ara darasa la saba kutoka kila kona ya nchi. Kuna shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga. Na kuna shule za kata, zilizoenea kwa kasi tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulipoanza mwaka 2004, ambazo hupokea mtoto yeyote wa eneo lake aliyefaulu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, madarasa ya shule hizi yalifurika. Kuiweka Kibaha na shule ya kata kwenye orodha moja na kuuliza nani bora ni kuuliza nani alipewa watoto gani. Mapema 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, wengi wakalalamika kwamba wamenyimwa utamu. Mimi naona orodha ile ilikuwa ikipima zaidi uchaguzi wa wanafunzi kuliko ufundishaji, ingawa watu wanaendelea kuitengeneza wenyewe na kuisambaza.

Kama kweli unataka kujua shule imemwongezea mtoto nini, kipo kipimo kisicho kamili lakini kinachofaa. Baraza huchapisha pia matokeo ya kidato cha pili kwa kila shule. Chukua ya 2022, kisha chukua ya kidato cha nne ya 2024 ya shule hiyohiyo. Kwa sehemu kubwa ni watoto walewale, wamekaa na walimu walewale miaka miwili. Angalia waliokuwa three na four kidato cha pili wamekuwa wangapi mwishoni. Shule ya kata ambayo robo yao wamepanda imefanya kazi kubwa kuliko shule ya vipaji ambayo wani zimebaki wani. Kumbuka tu kuna waliorudia darasa wakaachana na kundi lao, na waliohamia. Ukiirudia hesabu hiyo kwa miaka mitatu mfululizo, picha huanza kutulia.

Programu zilizoandikwa na programu zilizopo

Mzazi wa leo hapimi matokeo tu. Anaulizwa mtoto aende mkondo gani, na maneno ni mapya. Mtaala ulioboreshwa umegawa sekondari katika mikondo miwili: elimu ya jumla, ambayo ndiyo tuliyoizoea, na elimu ya amali, ambapo mwanafunzi anasoma masomo ya msingi pamoja na fani ya mikono, iwe umeme, useremala, ushonaji au kilimo. Amali ilianza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza katika baadhi ya shule. Dhana iliyosambaa haraka ni kwamba amali ni ya walioshindwa. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba shule za ufundi za serikali zimetoa mafundi sanifu na wahandisi kwa miongo mingi. Wasiwasi wangu uko kwingine: fani ya amali bila karakana ni somo la kunakili. Ukifika shuleni, omba kuona karakana. Tazama kama mashine zina vumbi la mbao au vumbi la kukaa.

Jambo lilelile liko kwenye tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Wazazi wengi wanazijua zile za zamani: PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL na wenzao. Mwaka 2024 serikali ilizipanua kutoka 16 hadi 65, na wanafunzi wakapewa nafasi ya kubadilisha machaguo yao kwenye mfumo wa TAMISEMI. Orodha ya 65 ni ya nchi. Shule moja itakuwa na chache, kulingana na walimu na vitabu. Na C tatu zenyewe lazima ziungane: mwenye C za Civics, Biology na Kiswahili hawezi kuzigeuza PCB (fizikia, kemia na biolojia) wala HGL (historia, jiografia na Kiingereza), hata kama idadi ya C imetimia. Watoto hujikwaa hapa kila mwaka kwa kuchagua tahasusi kwanza na kutazama cheti baadaye.

Kidato cha sita, namba zinageuka tena

Kidato cha sita mistari ni mingine. A huanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, kisha kuna S ya 35 hadi 39, na F chini ya hapo. Pointi zinaanzia moja kwa A hadi saba kwa F, na divisheni inatokana na masomo matatu ya tahasusi tu: 3 hadi 9 ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne. Hapo bado namba ndogo ndiyo nzuri.

Unapogeuka kwenda chuo kikuu, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kinyume: A pointi tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni masomo mawili yenye E au zaidi yanayokupa jumla ya pointi 4.0, tena yawe masomo yanayohusika na kozi unayoiomba, na kozi nyingi zinadai zaidi ya hapo. Sasa weka wahitimu wawili. Wa kwanza ana D, E na E. Kwa Baraza ni 4 na 5 na 5, three ya 14. Masomo yake mawili bora yanampa TCU 2 na 1, jumla 3.0. Wa pili ana C, E na F. Kwa Baraza ni 3 na 5 na 7, three ya 15, mbaya kuliko ya mwenzake. TCU inamhesabia 3 na 1, jumla 4.0. Mwenye 15 anaruhusiwa kuomba shahada. Mwenye 14 anaanzia stashahada.